Usingizi wa Mtu Aliyeacha Pombe



Juu ya madhara ya pombe mmekwisha ambiwa mengi, kanisani, msikitini na barazani, nami sitayarudia. Nataka kusema juu ya jambo ambalo halisemwi sana, nalo ndilo linalowarudisha wengi kilabuni: usiku wa mtu aliyeacha pombe.

Mchana wa kwanza hupita vizuri. Usiku ukiingia, mtu hulala macho wazi. Hugeuka huku na huku, jasho humtoka, na mbwa wa jirani akibweka husikia kama yumo chumbani. Saa 8 ya usiku bado yu macho, na usiku wa pili vivyo hivyo. Ndipo husema moyoni mwake, "Mwili wangu hauwezi kukaa bila pombe. Nitakunywa kikombe kimoja tu, kiwe dawa ya usingizi." Twajua sote habari za kikombe hicho.

Neno lake si kweli. Ubongo una nguvu ya kutuliza na nguvu ya kuamsha. Pombe huizidisha ile ya kutuliza na kuikandamiza ile ya kuamsha. Mtu anywapo kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujizoeza: hupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza nguvu ya kuamsha, ili upate kusimama sawa. Ni kama mtu asukumaye mlango ambao mwenzake anausukuma kutoka upande wa pili. Mwenzake akiondoka ghafula, huanguka kifudifudi. Basi kukosa usingizi huko si dalili ya kwamba mwili wahitaji pombe. Ni deni lililoachwa na pombe, na kikombe kimoja huliongeza tu.

Wala usingizi wa pombe haukuwa usingizi mwema. Mlevi huanguka kama gogo, lakini pombe ikipungua katika damu, nusu ya pili ya usiku huvunjika vipande vipande. Tena pombe huzuia usingizi wenye ndoto. Ndiyo sababu mtu akiiacha, ndoto humrudia kwa wingi na kwa ukali. Wengine huota wanakunywa, wakaamka wamejaa hofu. Wasihuzunike, hawakunywa kitu.

Hapa sina budi kusema habari ya hatari. Mtu aliyekunywa sana kila siku asiache ghafula peke yake nyumbani. Kwanza aonane na daktari. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Kifafa chaweza kumshika katika siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwapo, na moyo huwaenda mbio. Huko si kurogwa, wala si pepo. Ni ugonjwa uwezao kuua, na dawa yake iko hospitali. Mpelekeni usiku ule ule, msingoje asubuhi.

Juma la kwanza likipita, hatari hiyo kwa kawaida imekwisha, walakini usingizi mbaya waweza kuendelea majuma mengi, na kwa wengine miezi. Nalisema wazi, kwa sababu mtu aliyeahidiwa siku 3, naye akaona siku 30, hukata tamaa.

Afanye nini? Na aamke saa ile ile kila siku, hata kama hakulala, wala asijilipe kwa kulala mchana. Akikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, ainuke, aketi penye mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito. Saa asiitazame, na simu aiweke mbali. Sisi watu wa Kenya twapenda chai yenye majani mengi, na aliyeacha pombe hunywa zaidi, ili mkono usikae mtupu. Simlaumu, lakini tangu saa 8 ya mchana na anywe uji au maziwa, maana nguvu ya chai hukaa mwilini saa nyingi. Wako na wale waachao chupa wakashika miraa, kisha washangaa hawalali! Miraa hutafunwa ili mtu akeshe. Vidonge vya usingizi navyo asiazime kwa jirani. Vingine humshika mtu kama pombe yenyewe, na vikichanganyika nayo vyaweza kuzima pumzi.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alishikwa na tamaa ya kunywa akiwa ugenini. Akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akakutanishwa na daktari Bob Smith. Kutoka mazungumzo hayo kilianza chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho hukutana hata Nairobi. Basi aliyeacha zamani asichukie kugongewa mlango usiku na aliyeacha juzi.

Nanyi mlio nyumbani, msimcheke akitembea uani usiku. Najua nyumba nyingine hupika busaa ya kuuza, nayo ndiyo karo ya watoto. Shauri hilo ni gumu. Lakini kwa miezi ile ya kwanza mtungi na uwekwe nyumba nyingine, au yeye mwenyewe akalale kwa nduguye.