Hayati Askofu Josiah Kibira: Mzee wa Ukoo, Rafiki wa Wengi



Usharika unapotimiza miaka 100 huhesabu majengo yake, wabatizwa wake na watumishi waliouhudumia. Ni haki kufanya hivyo. Lakini iko hesabu nyingine iliyo ngumu zaidi: marehemu wapendwa wameacha deni gani kwa walio hai? Katika nchi ya Buhaya, swali hilo haliulizwi bila kumkumbuka Hayati Askofu Josiah Kibira.

Alizaliwa mwaka 1925. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, akasoma theolojia Bethel, Ujerumani. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowafundisha watu wa makabila mbalimbali kuitana ndugu, ulimgusa naye. Mwaka 1964 alipokea uaskofu kutoka kwa Bengt Sundkler, Mswidi aliyemzidi umri kwa miaka 16. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo.

Pamoja na heshima hizo, fikra zake hazikuondoka nyumbani. Kitabu chake Church, Clan and the World, kilichotoka mwaka 1974, kinalitazama Kanisa likiwa katikati ya ukoo na ulimwengu. Haikuwa mada ya darasani tu. Mhaya alipata shamba lake la migomba kwa ukoo, alioa kwa baraka za ukoo, na siku ya mwisho ukoo ulimzika katika kibanja cha baba zake. Mchungaji asiyeujua ukoo angehubiri nje ya mlango. Lakini ukoo una mpaka: huwatunza walio wake, na mgeni hubaki uani. Kanisa limeitwa kuwa ukoo usio na mpaka huo.

Jambo hilo lilipimwa mbali na Bukoba. Katika mkutano mkuu wa Budapest mwaka 1984, Kibira akiwa bado Rais, Fungamano lilisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu kusini mwa Afrika kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Wanaokula meza moja ya Bwana hawawezi kukataana kwa ajili ya rangi ya ngozi.

Lilipimwa pia nyumbani, tena kwa uchungu zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Kibira alipofariki mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 62, familia nyingi zilikuwa zikiwazika vijana waliotegemewa, na bibi na babu wakabaki na wajukuu. Ukoo, uliokuwa kimbilio la kila yatima, ukaelemewa. Ndipo swali lake likawa swali la kila usharika: mtoto aliyekosa baba, na baba zake wadogo wamekufa, ni wa nani?

Hapo ndipo lilipo deni. Mzee mpendwa halipwi kwa picha ukutani wala kwa jina lake kuandikwa kwenye jengo, ingawa hayo si mabaya. Waliomwita Kibira baba na rafiki wanamheshimu kwa kweli pale yatima anapopata mahali mezani, mjane anapobaki katika shamba la marehemu mumewe bila kufukuzwa, na mgeni asiye na ukoo anapozikwa na usharika kama mwana wa nyumba.

Miaka 100 ijayo watakuja wengine kuhesabu. Majengo watayaona wenyewe. Kuhusu mengine watawauliza yatima wa leo, watakapokuwa wazee.