Sauti Moja Haitoshi: Uganga wa Waelvi Ukitazamwa kutoka Basotu

Rai iliyouchokoza mhadhara huu imezoeleka sana kwa watunzi wa michezo ya kuigiza wahusika: uganga ni uganga. Binadamu akiwasha moto kwa kauli, na mwelvi akiwasha moto kwa kauli, moto ni ule ule, dadu ni zile zile, na adui huungua vile vile. Kinachobaki ni kazi ya msimulizi mezani: huyu atampambia cheche, yule atampambia majani mabichi na harufu ya msitu. Kwa rai hiyo, ladha hunyunyizwa juu chakula kikiwa kimeshaiva.

Rai hiyo haifai kupitwa hivi hivi, kwa sababu ina nasaba. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, waelvi walifanana mno na wale wa Tolkien, lakini uganga ulichotwa kwa Jack Vance, mwandishi wa The Dying Earth ya mwaka 1950. Kwa Vance, mganga hukariri kauli, huitamka, nayo hufutika kichwani mpaka aikariri upya. Ndoa ya hao wawili haijawahi kutulia. Katika toleo la mwaka 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay, mwelvi ana upanga na kauli pia, ila kauli zake zinatoka katika orodha ile ile ya mganga wa kibinadamu. Kiumbe aliyeona karne zikipita anakaa asubuhi kukariri somo moja na kijana aliyeanza juzi!

Tolkien mwenyewe asingeikubali ndoa hiyo. Katika mhadhara wake wa mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews, uliokuja kuchapishwa kwa jina la On Fairy-Stories, alitenga mambo mawili. Lipo lile la kuumba ulimwengu ambao muumbaji na mtazamaji wote wanaweza kuuingia, na hilo ndilo alilowapa waelvi. Lipo pia lile la mbinu, linalotafuta kutawala vitu na nia za watu. Katika riwaya yake The Fellowship of the Ring, Galadriel, kiongozi wa waelvi, anaona ajabu kwamba wageni wake huita kwa jina moja kazi ya watu wake na hila za Adui. Anayewapa waelvi orodha ya kauli za mashambulizi ameshaufuta mstari ambao mwenye waelvi aliuchora kwa makusudi.

Watetezi wa rai ile wana hoja moja nzito: usawa. Kanuni zikizidi, meza huchoka, na mchezaji mwenye mwelvi huonekana kupendelewa. Ni kweli. Lakini RuneQuest ilitoka mwaka 1978 ikiwa na Glorantha, ulimwengu alioubuni Greg Stafford, na humo waelvi ni mimea inayotembea. Uamuzi huo mmoja unabadilisha wanachokula, wanachokiogopa na wanachokipigania, wala haukuhitaji juzuu ya kanuni.

Zanzibar inatoa ushahidi wa pili. Mwanaanthropolojia Kjersti Larsen ameeleza jinsi watu wa mjini wanavyowagawa masheitani kwa makabila: ruhani ni wa Uarabuni na ni Waislamu, rubamba ni wa Pemba, kibuki ni wa Bukini (Madagaska), hunywa brandi na huhesabiwa Wakristo. Mtetezi wa rai ile ataruka hapa: si unaona, ni mapambo tu! Sivyo. Kabila la sheitani ndilo linaloamua ngoma gani ipigwe, fundi gani aitwe na kitu gani kiletwe. Hakuna atakayemtuliza ruhani kwa brandi.

Ila kwa waelvi, mahali pa kuanzia ni Basotu, nchini Tanzania, kando ya ziwa lililojaza shimo la volkeno, mlima Hanang wenye mita 3,417 ukiwa karibu. Wadatooga, wenye lugha ya Kinilo, na Wairaqw, wenye lugha ya Kikushi, wameishi jirani huku kwa vizazi. Wairaqw wanamjua Looaa, anayehusishwa na jua na mema, na wanawajua neetlaangw, wakazi wa chemchemi na vijito, ambao hukasirika na huleta maradhi. Neetlaangw si waelvi, na haifai kuwageuza waelvi. La kujifunza ni jinsi watu wanavyosema nao na wanavyosema na Looaa: kwa slufay.

Slufay ni sala na ni ushairi. Mzee mmoja huongoza, huomba mvua, uzazi, mifugo na amani, hufukuza mabaya kwa picha za maneno zinazofuatana kwa kasi, na waliokaa huitikia. Wanaisimu Rose-Marie Beck na Maarten Mous waliiandikia makala kuhusu nguvu ya sauti, na hapo waligusa kiini chenyewe. Mwandishi wa mhadhara huu alikuwa mtoto alipoisikia, amekaa nyuma ya migongo ya wazee pombe ikiwa imeshanywewa. Maneno mengi yalimpita. Itikio halikumpita: sauti nzito ya pamoja, fupi, iliyokipokea kila kipande kabla kiongozi hajakivuta kingine. Kiongozi alipokosa itikio alisimama, akangoja. Hakuwa na namna ya kuendelea peke yake.

Nyuma ya sauti kuna sharti. Mwanaanthropolojia Katherine Snyder, aliyeandika mwaka 1997 juu ya masay, ibada ya kuilinda aya, yaani ardhi ya jamii, anaonyesha uzito ambao Wairaqw huupa umoja wa mioyo. Ugomvi uliofichwa huzuia baraka. Makala hiyo hiyo inahusu pia maandamano ya wanawake, kwa hiyo mamlaka ya wazee wanaoomba si kitu kisichoulizwa.

Basi mwelvi asitende uganga peke yake. Hilo ndilo pendekezo, na pingamizi lake liko wazi: kundi la mchezo huwa na mwelvi mmoja kati ya binadamu na mbilikimo, na akitekwa, akafungwa peke yake, hana kitu. Pingamizi ni la haki, na bado pendekezo linasimama, kwa sababu mchezo huu tangu mwanzo ni watu waliokaa pamoja, mmoja akisema na wengine wakipokea. Slufay iko karibu na meza hiyo kuliko kitabu cha kauli cha Vance.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mchezaji wa mwelvi hutunga ombi kwa vipande, si kwa jina la kauli kutoka orodhani. Kila mwenzake mezani huitikia au hunyamaza, na kila itikio huongeza dadu moja. Anayeitikia huku mhusika wake akificha kinyongo dhidi ya mwelvi hupunguza dadu mbili, naye msimulizi hasemi ni nani aliyezipunguza. Mwelvi aliye gerezani anaweza kuomba aitikiwe na mlinzi wake.