Maumivu ya Panja Yanaporudi Huku Steroidi Zikipunguzwa

 

Mimi si daktari. Ni mkalimani: nakaa kati ya mgonjwa na daktari hapa Birmingham, nikimfikishia kila mmoja maneno ya mwenziwe. Katika kazi hiyo nimeona kwamba liko neno letu moja, zuri kabisa barazani, ambalo kliniki lina hatari. Neno hilo ni "sijambo".

Nilimkalimania bibi mmoja ambaye dozi yake ya prednisoloni ilikuwa ikipunguzwa kwa miezi kadhaa. Daktari alimwuliza hali yake, naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akajibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Nikafasiri kama alivyosema. Tulipotoka nje ya chumba akaniambia, "Mwanangu, ila nyama siku hizi siiwezi, taya linachoka." Tulirudi ndani pale pale.

Ugonjwa wake madaktari huuita kwa herufi GCA. Kuta za ateri, hasa zile zipitazo kwenye mapanja, huvimba, na damu hupita kwa dhiki. Huwapata watu waliovuka miaka 50, wanawake zaidi kuliko wanaume. Si ugonjwa wa jana. Ali ibn Isa, tabibu wa macho wa Baghdad, yapata miaka elfu moja iliyopita, aliandika juu ya mishipa ya mapanja na macho yanayoharibika. Mwaka 1890 daktari Jonathan Hutchinson wa London alieleza habari za mzee mwenye michirizi myekundu kichwani iliyomfanya ashindwe kuvaa kofia. Wengine wenu mtaelewa mkifikiria kitana kinachouma, au mtandio.

Kinachoogopwa ni jicho. Neva ya jicho ikikosa damu, uwezo wa kuona hupotea, na ukishapotea ni nadra kurudi. Ndiyo maana tiba huanza kwa dozi kubwa, aghalabu miligramu 40 hadi 60 kwa siku, kisha hushushwa ngazi kwa ngazi kwa mwaka mmoja au zaidi. Katika kushuka huko wagonjwa wengi hurudiwa na ugonjwa. Nawaomba wakalimani wenzangu tusifasiri jambo hili kwa namna itakayomfanya mgonjwa adhani amekosea. Kurudishwa ngazi ya juu si adhabu wala aibu. Ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Basi, kichwa kikianza kuuma upya, ngozi ya kichwa ikiuma ukichana nywele, taya likichoka kutafuna, mabega na nyonga zikikakamaa asubuhi, mpigie simu daktari wako au kliniki siku hiyo hiyo. Lakini ukiona ukungu, pazia, kitu kimoja kuwa viwili, au giza la dakika chache tu lililokuja likaondoka, usingoje simu wala kesho. Nenda idara ya dharura ya hospitali mara moja, hata kama jicho limeshatulia.

Si kila maumivu ni ugonjwa uliorejea. Mwili uliozoea steroidi huchoka na kuuma unapopunguziwa. Daktari hupima damu, na pengine huzitazama ateri kwa altrasaundi, ili ajue lipi ni lipi. Sebuleni hatuwezi kulijua, kwa hiyo mtu asijiongezee vidonge kwa hofu wala asijipunguzie kwa kuchukia uso uliovimba au sukari iliyopanda. Kuacha ghafla ndiko kubaya zaidi, maana tezi zilizo juu ya figo zimepumzika muda mrefu na haziwezi kuamka kwa siku moja. Tangu 2020 ipo kadi ya dharura ya steroidi. Mwulizeni daktari au mfamasia kama mnapaswa kuwa nayo, muitembeze. Mgonjwa akitapika na vidonge havikai tumboni, hilo nalo ni la dharura.

Kuhusu Ramadhani, zungumzeni na daktari wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama. Sharia imempa mgonjwa ruhusa, na dozi hairukwi. Na wanaokwenda Mombasa, Unguja au Bujumbura wasiondoke na vidonge vya mwezi mmoja kwa safari ya miezi miwili. Viwekwe kwenye mkoba wa mkononi, si sandukuni.

Wapo ambao ugonjwa huwarudia kila dozi inaposhuka. Tangu 2018 baadhi yao hapa Uingereza hupewa sindano ya tosilizumabu, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Dawa hii huweza kuyafanya majibu ya damu yaonekane mazuri hata pale ugonjwa upo, kwa hiyo maneno ya mgonjwa mwenyewe huwa na uzito mkubwa zaidi.

Mkalimani wa NHS ni bure. Mwombeni mnapopanga miadi, mkitaja Kiswahili, na msimtwishe mtoto kazi hiyo. Yule bibi sasa huandika dalili zake kwenye karatasi usiku wa kuamkia kliniki, na hunipa niisome kabla daktari hajamwuliza hali.

Karibuni kwa maswali.