Video Inapokwama: Namna ya Kutambua Chanzo Kabla ya Kutumia Fedha

(Mada iliyowasilishwa katika mkutano wa wananchi wa kata kuhusu matumizi ya huduma za mtandao)



Miaka michache iliyopita video za mtandaoni zilihesabiwa kuwa burudani ya vijana. Hali hiyo imebadilika. Mwanafunzi wa kidato cha nne hurudia somo la fizikia kwa kutazama video. Mkulima hujifunza namna ya kuchanganya dawa ya kunyunyizia mahindi. Fundi cherehani huangalia mshono mpya, na mwananchi asiyeweza kusafiri hufuatilia mjadala wa Bunge akiwa nyumbani kwake. Video inapokwama, basi, hukwama pamoja na somo, kazi na taarifa.

Hasara hiyo huzaa nyingine. Mtazamaji asiyejua chanzo cha tatizo hununua kifurushi cha pili kabla ya kujua cha kwanza kimekwenda wapi. Kesho yake huipeleka simu kwa fundi, na wiki inayofuata huanza kutafuta fedha za simu mpya. Wahenga walionya: usitupe mbachao kwa msala upitao. Mada hii inaeleza utaratibu wa kutafuta chanzo, kwa kuanza na hatua zisizogharimu kitu.

Maswali mawili ya kuanzia

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, mtazamaji na ajiulize maswali mawili. La kwanza: je, ni video hii moja tu isiyocheza, au ni zote? La pili: je, ni simu hii moja tu yenye shida, au hata simu nyingine zilizopo hapo zinasumbua?

Ikiwa ni video moja tu, simu haina kosa. Huenda mwenye video ameiondoa, ameifunga isionekane kwa watu wote, au haki za kuirusha hazihusu nchi hii. Katika hali hizo huonekana maandishi yanayosema kuwa video haipatikani. Hakuna vocha wala fundi atakayeyaondoa maandishi hayo.

Ikiwa ni video zote, lakini katika simu moja tu, chanzo kimo ndani ya simu hiyo, katika laini yake au katika kifurushi chake. Ikiwa simu zote za mtandao mmoja zimekwama huku za mtandao mwingine zikiendelea vizuri, chanzo kipo kwa mtoa huduma. Maswali haya mawili hujibiwa ndani ya dakika 5, na humwokoa mtu na safari ya kwenda mjini.

Kiduara kinachozunguka

Dalili inayojulikana kuliko zote ni kiduara kinachozunguka katikati ya kioo. Maana yake ni hii: video haiji nzima kwa mkupuo. Hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache, na simu huweka akiba ya vipande kadhaa mbele ya kile kinachotazamwa. Vipande vikifika taratibu kuliko vinavyochezwa, akiba huisha, picha husimama na kiduara huanza kuzunguka. Ni sawa na ndoo iliyotobolewa chini: maji yanayoingia yakiwa machache kuliko yanayotoka, ndoo hukauka.

Kuna njia mbili za kuirudisha akiba hiyo. Ya kwanza ni kupunguza kinachotoka, yaani kushusha ubora wa picha. Kwa kawaida programu huchagua ubora yenyewe kulingana na kasi iliyopo, lakini mtazamaji anaweza kuuchagua kwa mkono kupitia alama ya mipangilio iliyo juu ya video. Kwa mujibu wa mapendekezo ya YouTube, picha ya kiwango cha 360 huhitaji kasi ya megabiti 0.7 kwa sekunde, kiwango cha 480 megabiti 1.1, kiwango cha 720 megabiti 2.5, na kiwango cha 1080 megabiti 5. Katika kioo kidogo cha simu, somo la hesabu husomeka vizuri katika kiwango cha 360 au 480. Ubora wa 1080 hufaa zaidi televisheni.

Njia ya pili ni kuongeza kinachoingia. Paa la bati hudhoofisha mawimbi ya simu, hivyo kusogea dirishani au kutoka nje hadi kivulini kunaweza kubadili hali. Mtazamaji pia aangalie juu ya kioo kama simu inatumia 4G, 3G au imeshuka chini ya hapo. Baadhi ya simu zenye uwezo wa 4G hubaki katika 3G kwa sababu laini ni ya zamani, au kwa sababu aina ya mtandao iliyochaguliwa katika mipangilio si sahihi. Kuwasha hali ya ndege kwa nusu dakika na kuizima huilazimisha simu kutafuta mnara upya.

Isisahaulike kwamba vijiti vya mtandao vikiwa vimejaa si ushahidi wa kasi. Vijiti huonyesha nguvu ya mawimbi tu. Saa 2 usiku watu wengi hugawana mnara mmoja, na kasi ya kila mmoja hupungua hata kama vijiti vimejaa. Video ileile iliyokwama usiku ikicheza vizuri saa 11 alfajiri, chanzo ni msongamano, na dawa yake rahisi ni kupakua somo alfajiri na kulitazama jioni pale programu inaporuhusu.

Hesabu ya kifurushi

Wengi hulalamika kuwa kifurushi kimeliwa. Hesabu ifuatayo inasaidia kupima lalamiko hilo. Kasi hupimwa kwa megabiti, lakini vifurushi huuzwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kasi ya megabiti 0.7 kwa sekunde, ikizidishwa kwa sekunde 3,600 za saa moja na kugawanywa kwa 8, hutoa megabaiti 315. Kasi ya megabiti 2.5 hutoa megabaiti 1,125, na kasi ya megabiti 5 hutoa megabaiti 2,250.

Kwa makadirio hayo, gigabaiti 1 hutosha zaidi kidogo ya saa 3 za kiwango cha 360, lakini haifiki saa 1 ya kiwango cha 720, na katika kiwango cha 1080 huweza kuisha kabla ya nusu saa. Matumizi halisi yanaweza kuwa pungufu ya hapo kutegemea video yenyewe, lakini uwiano hubaki. Aidha, video zinazojicheza zenyewe moja baada ya nyingine huendelea kula kifurushi wakati mwenye simu amelala. Bandu bandu huisha gogo. Kuzima uchezaji huo wa kufuatana, na kuweka video zipakuliwe kwa Wi-Fi pekee pale ilipo, ni hatua za mara moja zenye faida ya kila siku.

Shida iliyomo ndani ya simu

Ikiwa kasi ni nzuri lakini video haifunguki, au kioo kinabaki cheusi, uchunguzi uhamie ndani ya simu kwa mpangilio ufuatao.

Kwanza, simu izimwe na kuwashwa upya. Hatua hii hudharauliwa kwa urahisi wake, lakini huondoa shughuli zilizokwama katika kumbukumbu.

Pili, tarehe na saa zikaguliwe. Tovuti salama huthibitishwa kwa hati yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu iliyozimika muda mrefu au kutolewa betri inaweza kurudi hadi mwaka 1970, na hapo huziona hati zote kuwa batili na kukataa kufungua tovuti. Kuruhusu simu ipate saa kutoka mtandaoni hutibu tatizo hilo.

Tatu, nafasi ya kuhifadhi iangaliwe. Simu iliyojaa picha na video za makundi hukosa mahali pa kuweka akiba ya video.

Nne, video ijaribiwe katika dirisha la faragha la kivinjari. Ikicheza humo, kilichoharibika ni mabaki yaliyohifadhiwa na kivinjari, nayo yafutwe. Kwa upande wa programu, kufuta faili za muda hakumtoi mtu katika akaunti yake. Kufuta data zote za programu ni jambo tofauti: humtoa katika akaunti na huweza kuondoa video alizokwisha kupakua. Mwanafunzi aliyehifadhi masomo ya muhula mzima na atofautishe vitufe hivyo viwili kabla ya kubonyeza.

Tano, programu na kivinjari visasishwe kutoka duka rasmi la simu. Simu za zamani huweza kushindwa na aina mpya za ufungaji wa video. Chipu isiyoitambua aina hiyo humwachia kichakataji kikuu kazi yote, simu huchemka na picha hugandaganda. Kushusha ubora husaidia hapo pia, na simu isiachwe juani.

Picha ikionekana bila sauti, sauti ya video iongezwe, kwa kuwa ni tofauti na sauti ya mlio wa simu. Bluetooth nayo izimwe, kwani huenda sauti inatokea katika spika ya chumba cha pili.

Mtego wa matapeli

Mtu mwenye haraka ya kuona video ndiye windo jepesi. Baadhi ya kurasa humwambia mtazamaji kwamba hawezi kuona video mpaka apakue kichezeo fulani, au asakinishe Flash Player. Ifahamike kuwa kampuni ya Adobe ilikoma kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ilizuiwa kucheza maudhui yoyote. Vivinjari vya leo hucheza video bila nyongeza hiyo. Ukurasa unaomtaka mtu aisakinishe unamletea kitu kingine kwa jina hilo.

Programu inayotoka nje ya duka rasmi, kisha ikaomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu namba za uthibitisho wa huduma za fedha hupita katika ujumbe huohuo. Hakuna video inayohitaji namba ya siri ya mtu ili icheze. Anayepigiwa au kuandikiwa na tapeli anaweza kutuma namba ya tapeli huyo kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa ajili hiyo.

Tatizo likiwa la mtandao

Yapo matatizo yasiyotibika nyumbani kwa mtu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Siku kama hiyo, kufuta programu na kununua vifurushi vipya ni kujiongezea gharama. Dalili yake ni kwamba mitandao zaidi ya mmoja husumbua kwa wakati mmoja, katika maeneo mengi.

Lakini udhaifu unaojirudia katika kijiji kimoja, kila jioni, katika mtandao uleule, ni hoja ya kudai huduma. Mteja anayesema tu kwamba mtandao ni mbovu hujibiwa kwamba simu yake ndiyo mbovu, na mazungumzo huishia hapo. Mteja mwenye kumbukumbu hajibiwi hivyo kwa urahisi. Kumbukumbu hiyo iandikwe katika daftari: tarehe, saa, mahali, mtandao, aina ya mawimbi yaliyoonekana, na idadi ya simu zilizojaribiwa. Wiki moja ya maandishi ya kaya kadhaa huonyesha kama tatizo ni la mnara, la saa za msongamano au la simu ya mtu mmoja.

Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma, na mlalamikaji aombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Asiporidhika na majibu, hulifikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania akiwa na namba hiyo na maandishi yake. Wakazi wa kijiji wanaoungana kupitia serikali ya kijiji na ofisi ya kata huwasilisha picha kamili zaidi kuliko mtu mmoja mmoja, hasa pale shule ya sekondari ya kata inapotegemea mnara huohuo kwa masomo ya wanafunzi wake.

Ndugu wananchi, utaratibu wote huu unaweza kuandikwa katika nusu ukurasa na kubandikwa ukutani: video moja au zote, simu moja au zote, shusha ubora, badili mahali, jaribu alfajiri, washa simu upya, kagua tarehe, futa mabaki, sasisha, kisha lalamika kwa ushahidi. Walimu wanaombwa kuwapa wanafunzi nakala, kwa kuwa katika nyumba nyingi kijana wa shule ndiye anayeitwa simu inapokwama. Fedha ya vocha ya pili itolewe baada ya orodha hiyo kumalizika, si kabla.