Mafundi wa Bati na Mkia wa Ndege

(Mazungumzo kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni)



Swali lililotukutanisha mnalijua. Vijana wa kikundi kimoja, mafundi wa bati wanaotengeneza mifereji ya maji na masanduku ya wanafunzi, wameomba pesa za kikundi waanze kuunda ndege. Wazee walicheka. Akina mama hawakucheka, walinyamaza, maana pesa zile ni za mzunguko wao. Sasa tumeulizwa sisi tunaonaje. Hatutajibu kabla ya kueleza kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunadhani ndege hutoka kiwandani tu.

Sivyo. Kule Marekani mtu mmoja, Richard VanGrunsven, alirusha ndege yake ya RV-3 mwaka wa 1971, halafu kampuni yake ikawa inauza vipande ambavyo mtu anajiunganishia nyumbani, pale anapoweka gari. Ndege za ukoo huo zaidi ya 11,000 zimeshapaa. Hapa Kenya yuko Gabriel Nderitu wa Nyeri, ambaye mwaka wa 2010 alijulikana kwa ndege aliyoiunda kwake akitumia injini ya gari na mambo aliyoyasoma kwenye intaneti. Ndege ile haikupaa. Hatumcheki hata kidogo. Lakini vijana wetu wajue kwamba bidii peke yake haiinui kitu hewani.

Wale wanaounganisha nyumbani huanza na mkia. Mkia ni mdogo, unaenea kwenye meza, bei yake ni ndogo kuliko ya mabawa, na kazi zote za ndege nzima zimo ndani yake: kukata, kukunja, kutoboa, kupiga riveti. Mtu akishindwa hapo anaacha mapema kabla hajauza ng'ombe wote.

Mkia wenyewe una bawa moja la wima na mengine ya ulalo, yote yamefungwa imara. Nyuma ya lile la wima kuna usukani unaogeuza pua ya ndege kushoto na kulia, na nyuma ya yale ya ulalo kuna vibawa vinavyopanda na kushuka ili pua iinuke au iiname. Ndani kuna boriti na mbavu za bati lililokunjwa, na juu yake ngozi. Hiyo ngozi ni nyembamba kweli, milimita 0.4 mpaka 0.8, yaani karibu na bati la geji 28 mnalolifahamu. Nguvu haitoki kwa unene. Inatoka kwa umbo na kwa namna vipande vilivyoshikana.

Bati lenyewe si la sufuria. Ni aluminiamu iliyotiwa shaba kiasi cha asilimia 4 hivi pamoja na madini mengine kidogo. Mjerumani Alfred Wilm ndiye aliyegundua, mwaka wa 1906, kwamba mchanganyiko wa namna hiyo ukipashwa moto na kupozwa ghafla, kisha ukaachwa siku chache, unazidi kuwa mgumu wenyewe. Shaba inaupa nguvu lakini inaualika uharibifu wa kutu, kwa hivyo pande zote mbili hufunikwa na utando wa aluminiamu safi. Fundi wetu huchora mstari kwa msumari, si ndiyo? Kule ni kalamu ya wino. Mkwaruzo wa msumari unachana ule utando, na ufa unapenda sana kuanzia kwenye mkwaruzo.

Hebu tukae kidogo kwenye riveti, maana hapa ndipo penye kazi. Riveti ya ngozi ina unene wa milimita 2.4. Tundu lake halitobolewi karibu na ukingo wa bati kuliko mara mbili ya unene huo, kama milimita 5, la sivyo bati litachanika. Kabla ya kupigwa, mkia wa riveti utokeze mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 3.6. Ukishapigwa, kichwa kipya kiwe na upana wa milimita 3.6 na kimo cha 1.2. Kikizidi au kikipungua sana, riveti inatobolewa, inatolewa, inapigwa nyingine. Na ndege moja ina riveti zaidi ya 10,000! Kila tundu likishatobolewa, ncha kali zinazobaki pembeni husafishwa, pande zote mbili. Vijana huona hii ni kupoteza wakati.

Basi wasikie habari ya Comet. Ilikuwa ndege ya kwanza ya jeti ya kubeba abiria kwa nauli, na ilipoanza safari mwezi wa Mei 1952 kutoka London kwenda Johannesburg ilitua Entebbe, hapa jirani. Mwaka wa 1954 ndege mbili za aina hiyo zilipasuka angani. Wachunguzi waligundua kwamba bati lilikuwa limechoka, na nyufa zilianzia karibu na matundu kwenye pembe za madirisha. Msidhani mambo hayo yaliisha zamani zile. Kampuni hiyohiyo ya VanGrunsven iliuza vipande ambavyo matundu yake yalikatwa kwa mwali wa leza; wateja walipoyabonyeza ili vichwa vya riveti vilale sawa na bati, mengine yakapata nyufa. Gharama ya kubadilisha vipande hivyo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoifikisha kampuni mahakamani Desemba 2023 kuomba kinga dhidi ya madeni, ikatoka huko mwaka wa 2024.

Liko jambo lingine ambalo mtu hawezi kulikisia kwa macho. Usukani na vile vibawa vinavyocheza lazima viwe na uzito uliosawazishwa, mara nyingi kwa kipande cha risasi mbele ya bawaba. Bila hicho, ndege ikishika mbio kibawa kinaanza kupepea kama bendera ya shule, na kinaweza kung'oka kwa sekunde chache. Hata rangi nyingi nyuma ya usukani inaharibu mizani.

Halafu kuna sheria. Ndege hairuki Kenya bila kuandikishwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Kuipeleka tu pale Ithookwe na kuwasha injini si ujasiri.

Kwa hivyo jibu letu: pesa za mzunguko zisinunue ndege. Hilo tunalisema wazi, na vijana watusamehe. Lakini pesa kidogo, kwa mkopo wenye tarehe ya kurudishwa, zinunue drili nzuri, tupa laini, kipimo cha milimita na vibanio. Hapo hatuoni hasara, kwa sababu mikono inayofuata milimita ndiyo inayokosekana kwenye mifereji yetu. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 500. Ni maji mangapi ya Novemba yanamwagika kwenye maungio?

Na ghala la bati la mahindi ni vivyo hivyo. Likivuja hewa, dumuzi anapumua na kula. Likifungwa vizuri lakini mahindi ni mabichi, linaota kuvu. Mwaka wa 2004 sumu ya kuvu iliua watu 125 katika sehemu hizi zetu za Makueni, Kitui na majirani. Weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika kwenye kioo, yaanikwe tena kabla ya kutiwa ghalani.

Vijana wanaotaka kuendelea na mkia tumewapa jaribio moja. Vipande viwili vya bati, urefu wa kiganja kimoja, riveti 20 kwa mstari ulionyooka, matundu yamesafishwa, kila kichwa kimepimwa. Walete kwetu mkutano ujao. Mama mweka hazina ndiye atakayeshika kipimo.