Pima mafuta kabla ya kujipaka mwili mzima

 

Leo tuongee juu ya mafuta ya kujipaka. Umenunua krimu mpya sokoni. Siku ya kwanza ngozi iko sawa. Siku ya tatu shingo inawasha, vipele vinatoka. Unalaumu maji ya bomba, kumbe ni ile krimu. Aleji ya namna hii huchelewa: mara nyingi hutokea siku moja hadi tatu baada ya kujipaka.

Usiseme, "Haya nimeyatumia miaka mitano." Mwili unaweza kuyakubali mafuta kwa miaka, kisha siku moja ukayakataa. Mara nyingi shida ni marashi yaliyomo, dawa ya kuzuia mafuta yasiharibike, rangi nyeusi ya nywele, hata dawa ya kidonda yenye neomaisini. Kidonda kikizidi kuwasha kila ukipaka dawa, usiongeze dawa. Rudi kituo cha afya.

Madaktari wa ngozi wana kipimo chake, kilichoanza mwaka 1895. Hakuna sindano wala kutoa damu. Wanabandika mgongoni vitu vinavyoshukiwa, kidogo kidogo. Vinakaa siku mbili, na mgongo haulowi maji. Wanabandua, wanaangalia, kisha wanaangalia tena baada ya siku moja au mbili. Palipovimba na kuwasha ndipo penye jibu.

Kipimo hicho hakipatikani kila kituo. Lakini mafuta mapya unaweza kuyajaribu mwenyewe, ngozi ikiwa nzima. Paka kidogo, ukubwa wa sarafu, kwenye mkunjo wa mkono, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Pakiwasha, osha na uache kabisa. Sabuni na rangi ya nywele usizijaribu hivyo, zitakuunguza.

Na mama, dada, kaka: mafuta ya kung'arisha ngozi usiyajaribu hata kidogo. Yenye zebaki huharibu figo, hata kama hayawashi.

Uso ukivimba au pumzi ikibana, usingoje siku saba. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, na ubebe kopo lenyewe. Mhudumu akisoma kilichoandikwa, atajua aanzie wapi.

 Mwambie na jirani.