Mtakatifu Monika, Mama wa Machozi na wa Sala



Katika furaha ya yubile hii, sisi wakatekista tunapenda kumheshimu mama mmoja wa Afrika: Mtakatifu Monika. Alizaliwa katika karne ya 4, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Mume wake Patrisi alikuwa mpagani mwenye hasira. Monika akamshinda kwa upole, naye akabatizwa mbele ya kufa kwake. Wanawake wakigombana, Monika hakupeleka neno baya toka huyu hata kwa yule. Alipeleka neno la amani tu.

Lakini uchungu wake mkubwa ulikuwa mtoto wake Agustino, aliyeacha imani ya mama yake na kufuata Wamanikeo. Mama hakumlaani, wala hakumwacha. Alivuka bahari, akamfuata mpaka Milano. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387, Askofu Ambrosi akambatiza Agustino. Mwaka ule ule Monika akafa huko Ostia, katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Hakudai kuzikwa kwao. Aliomba tu akumbukwe altareni.

Ndugu, kati yetu ni wamama wangapi wanaolia kimya, kwani watoto wao wamekwenda mbali na Sakramenti? Watoto wale tuliwafundisha sisi katekisimu. Basi tusiwaachie wamama peke yao kilio hiki. Kila tarehe 27 Agosti, sikukuu yake, tuwatembelee nyumbani, tusali nao rozari, tukiwataja watoto wao kwa majina.

Mtakatifu Monika, utuombee.